Injini ya Rota Ikichoka: Kununua Iliyotumika au Kuijenga Upya?

Mtu apitaye eneo la Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, huona injini zilizokwisha tumika zikingojea wanunuzi. Nyingi zimetoka Japani. Mwenye gari lililochoka husimama mbele yake akijiuliza: Je, ninunue hii, au nimpe fundi ile yangu aifanyie ovahoo? Kwa injini za pistoni, ambazo ndizo nyingi mno, uzoefu wa mafundi umekwisha kutoa majibu. Ipo, hata hivyo, injini ya namna nyingine ambayo kwayo swali hili ni gumu zaidi, na jibu lake ni somo zuri la fizikia na hesabu. Hiyo ni injini ya rota.

Injini isiyo na pistoni

Injini hii ilibuniwa na Mjerumani Felix Wankel (1902–1988), na ya kwanza iliunguruma mwaka 1957 katika kiwanda cha NSU. Ndani yake hamna pistoni ipandayo na kushuka, wala valvu. Mahali pake pana rota, yaani kipande cha chuma chenye pembe tatu na mbavu zilizobinuka kidogo, kizungukacho ndani ya nyumba ambayo umbo lake lakaribia tarakimu 8 iliyonenepa kiunoni. Kati ya kila ubavu wa rota na ukuta wa nyumba hubaki chumba. Rota izungukapo, kila chumba hupanuka na kuvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, hujibana na kuugandamiza, hupanuka tena kwa nguvu ya mwako, kisha hufukuza moshi. Rota izungukapo mara moja, mtaimbo wa katikati huzunguka mara tatu.

Vyumba hivyo vitatu havina budi kutengwa kabisa. Kazi hiyo hufanywa na sili: ukanda mwembamba wa chuma katika kila ncha ya rota, na vipande vingine vilivyopinda katika pande zake mbili. Katika injini ya pistoni kazi hii ni ya ringi, ambazo hupanda na kushuka katika silinda ya duara. Sili ya ncha haina raha hiyo. Husugua ukuta uliopinda, na pembe yake na ukuta hubadilika kila wakati. Kwa sababu hiyo injini ya rota hupewa oili kidogo ndani ya vyumba vyake kwa makusudi, nayo huungua pamoja na petroli. Dereva asiyekagua oili mara kwa mara huiua injini yake taratibu bila kujua.

Funzo kutoka Ujerumani

Mwaka 1967 NSU walitoa gari liitwalo Ro 80, ambalo lilichaguliwa kuwa Gari la Mwaka 1968 barani Ulaya. Sifa hizo hazikudumu. Sili za ncha zililika mapema, na kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja injini kwa gharama yake. Husimuliwa kwamba madereva wa Ro 80 walipopishana barabarani waliinua vidole kuonyeshana idadi ya injini walizokwisha badilishiwa. Husimuliwa pia kwamba baadhi ya injini zilizorudishwa kiwandani zilikutwa hazina kasoro ya kuhitaji kubadilishwa: karakana zilikuwa zimeng'oa kabla ya kupima. Mwaka 1969 NSU iliunganishwa na Auto Union chini ya Volkswagen, na uundaji wa Ro 80 ulikoma mwaka 1977.

Huko Japani, wahandisi wa Mazda wakiongozwa na Kenichi Yamamoto walikutana na tatizo la jamaa moja: mikwaruzo katika ukuta wa nyumba, ambayo wenyewe waliiita kucha za shetani. Walibadilisha namna na madini ya sili, na mwaka 1967 wakatoa gari la Cosmo Sport. Baadaye ikafuata RX-7, iliyoundwa kuanzia 1978 hadi 2002, kisha RX-8, kuanzia 2003 hadi 2012. Injini zilizotumika zinazouzwa leo zimetoka hasa katika magari ya namna hizo mbili. Kwa hiyo hata iliyo changa kati yake imekwisha kuwa na umri. Injini iliyokaa stoo miaka mingi yaweza kuwa na kilometa chache, lakini mpira wa sili zake za maji umekauka.

Pima kwanza

Anayenunua injini kwa kutazama rangi yake, au kwa kusikiliza maneno ya muuzaji, huuziwa mbuzi kwenye gunia. Kinachonunuliwa hasa ni mgandamizo, na mgandamizo hupimika. Plagi hung'olewa, kipimo hufungwa mahali pake, na injini huzungushwa kwa stata yenye betri iliyojaa. Kipimo cha kawaida cha injini za pistoni hakitoshi, kwa maana huonyesha namba moja tu, iliyo kubwa kuliko zote, nayo huficha udhaifu wa nyuso nyingine. Sharti kiwe kipimo kisomacho kila uso wa rota peke yake.

Kwa injini ya RX-8, izungukapo mara 250 kwa dakika, kipimo cha kawaida ni kilopaskali 830, na cha chini kikubalikacho ni 680. Nyuso tatu za rota moja zisitofautiane kwa zaidi ya 150, wala rota mbili kwa zaidi ya 100.

Tuseme rota moja imetoa 740, 570 na 565. Nyuso mbili ni dhaifu, nazo zina ncha moja ya pamoja. Bila kufungua bolti hata moja, fundi mwenye kufikiri atashuku sili ya ncha hiyo. Kama nyuso zote tatu zingekuwa dhaifu kwa kadiri moja, angeshuku zaidi kuchakaa kwa ukuta au kwa sili za pembeni.

Kwa nini kuijenga upya ni ghali

Silinda ya pistoni ikilika, huchongwa ikawa pana kidogo na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Ukuta wa nyumba ya rota hauchongeki hivyo. Ni wa alumini uliopakwa kromi nyembamba juu ya bati la chuma, na umbo lake ni mchirizo maalumu wa kihesabu. Kromi ikibanduka, nyumba hiyo haina kazi tena, na mpya ni ghali. Mabamba ya chuma ya pembeni yaweza kusawazishwa yakilika kidogo, na rota pamoja na mtaimbo mara nyingi hutumika tena.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Fundi huweka sili mpya katika nyumba iliyobanduka kromi, na baada ya muda mfupi mwenye gari hurudi akilalamika. Amelipia ovahoo, lakini hakuipata. Vilevile, anayeendelea kuendesha injini iliyopoteza nguvu huhatarisha sili kuvunjika, na vipande vyake huchana rota na ukuta vilivyokuwa vizima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hesabu ya mnunuzi

Tufanye mfano, ambao si bei za soko. Injini iliyotumika, pamoja na kuifunga, ni shilingi 10,000. Kuijenga upya ya zamani ni shilingi 20,000, nayo itakwenda kilometa 100,000, yaani senti 20 kwa kilometa. Ili ile iliyotumika ilingane nayo, lazima iende kilometa 50,000. Lakini kama katika injini nne zinazouzwa bila kupimwa moja ni mbovu kabisa, gharama ya wastani ya kupata iliyo nzima ni 10,000 ÷ 0.75, karibu shilingi 13,333. Sasa yapasa iende kilometa 66,667. Tofauti ya kilometa 16,667 ndiyo thamani ya kipimo.

Basi uamuzi wafuata utaratibu huu. Iliyotumika ikipimwa mbele ya mnunuzi na kufaulu, nayo ni rahisi, inunuliwe. Ikiwa haiwezi kupimwa, na nyumba za injini ya zamani bado ni nzima, afadhali kujenga upya. Kwa vyovyote, injini ya zamani isiuzwe chuma chakavu kabla ya kufunguliwa, kwa maana huenda ndani yake mna vipuri vyenye thamani kuliko injini inayonunuliwa.

Maswali kwa wanafunzi

1. Ujazo wa chumba kimoja cha injini ya rota ni 3√3 × e × R × b. Katika injini ya Mazda 13B, e ni sentimeta 1.5, R ni 10.5, na b ni 8. Tafuta ujazo huo.

2. Mtaimbo ukizunguka mara 6,000 kwa dakika, rota huzunguka mara ngapi?

3. Alumini ipatapo joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Eleza kwa nini injini ya rota, iliyofungwa kwa tabaka za alumini na chuma, huharibika upesi ikikosa maji ya kupozea.