Mgonjwa Aambiwe Kitakachouma

Aliyepangiwa upasuaji asubuhi huulizwa mengi jioni yake: amekula saa ngapi, dawa gani humdhuru, fomu ameitia sahihi? Anachokiogopa huulizwa mara chache. Sisi tunaotoa dawa ya usingizi tumezoea kuuachia woga pole na maombi. Hata hivyo, woga una mkono wake katika maumivu. Mwili wenye hofu humwaga adrenalini, misuli hukaza, na kidonda kilekile huuma zaidi.

Ushahidi ninaoupenda ni wa 1964. Huko Boston, katika hospitali ya Massachusetts General, Lawrence Egbert na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 97 waliopasuliwa tumbo. Karibu nusu yao daktari wa usingizi aliwaendea jioni ya kuamkia upasuaji, akawaeleza bila kuficha watakapoumwa, kwa kiasi gani na kwa muda gani, na kwamba ni kawaida. Akawafundisha kupumua, kulegeza misuli na kugeuka kitandani. Madaktari wa upasuaji hawakujua nani amefundishwa. Waliofundishwa walihitaji takriban nusu ya dawa kali walizohitaji wenzao, wakaruhusiwa kwenda nyumbani mapema kwa wastani wa siku 2.7. Ni utafiti mdogo, tena wa enzi za kulazwa muda mrefu, kwa hiyo simwahidi mtu siku hizo. Ila mazungumzo hayo hayana gharama ya kutisha bajeti ya kaunti yoyote.

Kidonge cha kutuliza wasiwasi je? Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 1,000. Waliomeza lorazepamu kabla ya upasuaji hawakuridhika zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa, na walichelewa kutolewa mpira wa kupumulia. Mwaka huohuo, uchambuzi wa tafiti 73 ulionyesha kuwa muziki hupunguza maumivu na wasiwasi. Simu na visikizi vyatosha.

Hapa Nakuru, hospitali ya rufaa ambayo watu wa mtaa wa Milimani bado huiita kwa jina lake la zamani, PGH, hupokea wagonjwa kutoka Molo, Njoro, Subukia na kwingineko. Mzee anayezungumza Kikipsigis au Kikuyu pekee hafaidiki na maelezo ya Kiingereza, hata yawe mazuri vipi. Mama anayepasuliwa kwa ganzi ya mgongo naye yu macho. Asipoambiwa mapema kuwa atahisi kuvutwa ila si kukatwa, mvuto wa kwanza atauona ishara kwamba ganzi imeshindwa.

Maelezo hayachukui nafasi ya dawa. Parasetamoli, na diklofenaki kwa asiye na vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo, zitolewe kwa saa zilizopangwa badala ya kungoja mgonjwa alie. Mofini iwepo kwa maumivu makali.

Nawe ukipangiwa upasuaji, mwombe daktari wa usingizi akueleze, kwa lugha unayoielewa, wapi patauma, kwa muda gani, na utapewa nini.