Kisanduku cha “Compatibilité” Hakifufui Programu

Tangu Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, ninaulizwa swali lile lile: “Fundi, kwenye ile Compatibilité nichague Windows gani ili programu yangu ya zamani ifunguke?” Wanaliuliza wahasibu wa Makiso hapa Kisangani, wenye vibanda vya kuchapa TFC za wanafunzi karibu na chuo kikuu, UNIKIS, na wauguzi waliokabidhiwa kompyuta mpya bila mtu wa kuwaelekeza. Jibu ni kwamba swali lenyewe si sahihi. Uliza kwanza programu yako ni ya biti ngapi.

Imani iliyoenea mjini ni hii: ndani ya Windows 11 wamelala Windows XP, Windows 95 na ndugu zao wote, na ukifungua “Propriétés”, kisha “Compatibilité”, ukaweka alama, mmoja wao ataamka aje kuendesha programu yako. Hayumo. Hakuna XP yoyote ndani ya mashine hiyo. Kinachofanyika ni uongo mdogo. Programu ikiuliza iko kwenye Windows namba ngapi, inajibiwa namba ya zamani. Juu ya uongo huo vinaongezwa viraka vichache: programu ikitaka kuandika faili mahali ilipokatazwa, inaelekezwa folda nyingine, ikidai skrini ya rangi 256, inapewa. Basi.

Uongo huo una sababu. Waandishi wengi wa programu walikuwa wakikagua namba vibaya. Windows XP kwa ndani ni 5.1. Aliyetaka “kuanzia 5.1 kwenda juu” mara nyingi alikagua tarakimu ya kwanza peke yake na ya pili peke yake. Vista ilipokuja na 6.0, sifuri ikaonekana ndogo kuliko moja, na programu nzima, isiyo na ugonjwa wowote, ikakataa kuanza. Ndiyo maana Windows 7 kwa ndani haikupewa 7 bali 6.1. Na Windows 11 mpaka leo hujitambulisha kwa programu kuwa ni 10.0, namba ya toleo la ndani, 22000 na kuendelea, ndiyo inayoitofautisha na ile ya 10. Kwa programu ya kawaida, basi, kutoka 10 kwenda 11 karibu hakuna kinachovunjika. Anayekuambia “Windows 11 ni mbaya, nirudishie 10” amemkamata asiye na kosa.

Tena viraka hivyo havikusubiri wewe uweke alama. Wahandisi walipokuwa wakitengeneza Windows 95 waligundua kwamba mchezo wa SimCity ulisoma sehemu ya kumbukumbu ambayo ulikuwa umekwisha kuirudisha kwa mfumo. Kosa lilikuwa la mchezo. Hata hivyo wakaandika ndani ya Windows agizo maalumu: SimCity ikifunguliwa, kumbukumbu iliyoachiwa isichukuliwe haraka. Leo folda ya AppPatch iliyo ndani ya Windows yako ina ghala la viraka vya namna hiyo kwa maelfu ya programu, na vinatumika kimyakimya. Kama programu yako ilikuwa maarufu na dawa yake ipo, ilishanyweshwa kabla hujagusa kipanya.

Sasa tazama pale ambapo kisanduku hakina kazi kabisa. Epi Info 6 ya CDC ya Atlanta ilitolewa 1994 kwa ajili ya DOS. Ilikuwa ya bure, ilitoshea kwenye disketi chache, ikaenea katika ofisi za afya sehemu nyingi za Afrika. Kompyuta ya Windows 7 ya biti 32 iliifungua. Mashine mpya inakataa papo hapo, kwa sababu kichakataji kinapofanya kazi kwa biti 64 hakina tena ile hali ya kuiga 8086 ambayo Windows za zamani ziliitumia kuendesha DOS, na Microsoft nayo haikuweka NTVDM, kipande kilichoshughulikia programu za biti 16, katika Windows yoyote ya biti 64. Windows 10 ilikuwa bado na toleo la biti 32. Windows 11 haina. Ufa wote uko hapo. Uongo wa namba utasaidia nini, ikiwa programu haikufika hata mahali pa kuuliza namba?

Wakati mwingine programu yenyewe ni ya biti 32 na ingefanya kazi vizuri, ila kisakinishi chake kiliandikwa kwa biti 16. Mtu anaona kosa, anatangaza msiba, wakati kilichokufa ni mlango tu.

Draiva ni vivyo hivyo. Draiva nyingi za vifaa hukaa ndani ya kiini cha mfumo, na kisanduku chenu hakifiki huko. Draiva ya biti 32 haipakiwi kwenye Windows ya biti 64, hata ukiisomea dua. Wenye printa za zamani na wenye programu za uhasibu zinazodai kifunguo cha kuchomeka nyuma ya kompyuta, hili ndilo lenu. Na mhasibu anayeng'ang'ania programu ya 2005 akumbuke kwamba Kongo yetu iliingia OHADA, jumuiya ya sheria za biashara, mwaka 2012, na SYSCOHADA iliyorekebishwa, yaani mfumo wake wa uhasibu, inatumika tangu 1 Januari 2018. Hata programu hiyo ikifunguka, itamtolea mizania ya mpango wa akaunti uliokufa.

Wako pia wauzaji wa “pack ya DLL” kwenye fleshi, faili za msaada wanazodai zitafufua programu yako. DLL ya biti 64 haiingii katika programu ya biti 32, wala ya 32 katika ya 64. Na katika Windows ya biti 64, folda ya System32 ndiyo yenye faili za biti 64, huku SysWOW64 ikiwa na za biti 32. Majina yalipindishwa hivyo makusudi ili programu za zamani zisipotee njia. Muuzaji wa fleshi hajui hilo, kwa hiyo anabandika penye jina linalomvutia. Mnamlipa, na virusi mnapata nyongeza.

La kufanya, kwa haraka. Programu ya DOS: DOSBox, ni ya bure. Programu ya Windows ya biti 16 au draiva isiyobadilika: sakinisha Windows ya zamani ya biti 32 ndani ya VirtualBox, yaani kompyuta ya kuigwa, lakini nunua kumbukumbu ya kutosha na usisahau kuhifadhi kazi, umeme wa SNEL mnaujua. Linux yenye Wine mara nyingi hufungua programu za biti 16 ambazo Windows 11 inazikataa. Ndiyo, nimesema Linux. Faili za .REC za Epi Info 6 husomwa na EpiData Entry, ya bure, ya Denmark. Mashine yako haina TPM 2.0, chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11, na Windows 10 inakutosha? Masasisho ya nyongeza kwa watu binafsi yapo hadi 13 Oktoba 2026, kwa malipo au bure ukisawazisha mipangilio ya kompyuta, na njia zote zinadai akaunti ya Microsoft. Kuna mafundi wanaolazimisha Windows 11 kwenye mashine kama hiyo kwa programu ya Rufus. Inaingia, ila Microsoft haikuahidi kuendelea kuisasisha. Kompyuta ya zamani inayofanya kazi iache ilivyo, ikatie intaneti, itumie kwa kazi ile moja tu.

Kabla ya kumaliza mega za mwezi kupakua faili ya Windows 11, ambayo inazidi giga 5, fungua msinfo32 na usome mstari wa “Type du système”. Ukiona x86, yaani Windows ya biti 32, andika orodha ya programu zako kwanza. Na zile ambazo kampuni iliyoziandika haipo tena, toa data zake kwa CSV sasa, wakati diski bado inazunguka.