Mafuvu ya Taita: Kwa nini makavazi yanawahitaji wazee

WAGENI wanaozuru Milima ya Taita huonyeshwa mapango yenye mafuvu ya binadamu yaliyopangwa safu kwa safu. Kwa mgeni, hayo ni maajabu. Kwa wakazi wa Kishushe, walio chini ya milima hiyo katika Kaunti ya Taita Taveta, na kwa jamaa zao wa milimani, hao ni wazee wao.

Kwa desturi, Mtaita alipofariki alizikwa, na baada ya muda fuvu lake likafukuliwa na kuwekwa katika pango la ukoo. Huko ndiko waliohai walikowaendea waliotangulia nyakati za shida. Desturi hiyo ilififia Ukristo ulipoenea.

Hata hivyo, si mafuvu yote yaliyosalia pangoni. Enzi za ukoloni, baadhi yalipelekwa Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mnamo 1931, jarida la Biometrika lilichapisha utafiti wa E. Kitson uliohusu mafuvu ya Taita. Baadaye Mmarekani William Howells alipima mafuvu 83, na vipimo vyake vikatumiwa na wanasayansi kote ulimwenguni. Katika takwimu hizo yana jina moja tu, "Teita", bila jina la mtu wala la ukoo.

Hapo ndipo penye ugumu. Makavazi hayawezi kurejesha mabaki bila kujua ni ya nani. Uchunguzi wa DNA husaidia: mnamo 2023, watafiti wa Berlin waliochunguza mafuvu yapatayo 1,100 ya Afrika Mashariki walitangaza kuwa wamepata jamaa walio hai wa mafuvu matatu ya Tanzania. Lakini kabla ya kupima, lazima ijulikane ni familia ipi ya kuulizwa.

Wamijikenda wanalijua hilo. Vigango viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirejeshwa kutoka Marekani mnamo 2007 kwa kuwa mtafiti alikuwa amempiga picha mwenyewe kando yavyo.

Mafuvu ya Taita hayana picha ya namna hiyo. Kilichopo ni kumbukumbu za wazee: pango lipi ni la ukoo upi, na nani ana haki ya kuamua iwapo fuvu litarudishwa pangoni au litazikwa. Elimu hiyo haimo katika kabati la makavazi yoyote, na kila mzee anapozikwa, sehemu yake huzikwa naye.