Mtoto Anayeogopa Mganga wa Meno

Leo tutazungumza juu ya mtoto anayeogopa kutibiwa meno, na namna mzazi anavyoweza kumsaidia.

Kwanza tujiulize: je, mtoto huzaliwa na hofu ya mganga wa meno? La. Mara nyingi hofu hiyo hufundishwa nyumbani. Mtoto akilia usiku tunamwambia, "Nyamaza, la sivyo nitakupeleka kwa daktari akudunge sindano." Akikataa uji tunamwambia maneno yale yale. Tena kaka yake humsimulia habari za koleo na damu. Siku jino linapouma kweli, twataka aende kwa hiari kwa mtu yule yule tuliyemfanya zimwi. Atakwendaje?

Tazameni jambo jingine. Jino la utoto likilegea, mtoto hulitikisa mwenyewe kwa ulimi na kwa kidole. Likitoka, wengi hulirusha juu ya paa huku wakicheka. Damu ile haiwatishi. Kwa nini? Kwa sababu mtoto anajua linalotendeka, na mkono unaotenda ni wake mwenyewe. Basi tukitaka kumpunguzia hofu, na tumweleze mambo, tena tumpe nafasi ya kusema.

Mzazi mwingine husema, "Analia mno. Tungoje, jino litang'oka lenyewe." Kungoja kuna hatari. Meno ya utoto ni 20. Lakini mtoto afikapo miaka 6 hivi, nyuma ya meno hayo huota magego mapya. Hayo si ya utoto. Yakiharibika hayaoti mengine. Tena jino lililooza, hata la utoto, huweza kutunga usaha. Mtoto akivimba shavu au shingo, akipata homa, au akishindwa kumeza au kufungua kinywa, mpelekeni hospitali mara moja, hata kama analia.

Sasa tufanye nini? Mwaka 1959, huko Marekani, daktari wa meno aitwaye Addelston aliandika juu ya njia ya hatua tatu: mwambie mtoto, mwonyeshe, ndipo utende. Waganga wa meno wa nchi nyingi huifuata mpaka leo. Mzazi aweza kuianza nyumbani.

Hatua ya kwanza: mwambie. Usimdanganye kwamba anakwenda mjini kununuliwa soda. Akiujua uongo huo hatakuamini tena. Sikilizeni mama huyu na mwanawe wa miaka 7:

— Mama, itauma?

— Sindano ya ganzi itachoma kidogo, mwanangu, kisha itapita. Halafu mdomo utakuwa mzito, kama mguu uliokufa ganzi. Utasikia jino likisukumwa.

— Na ikiuma je?

— Inua mkono wako. Tutamwomba daktari angoje kidogo. Nami nitakuwa karibu nawe.

Mama hakusema, "Haitauma kabisa." Wala hakueleza mambo mengi ya kutisha. Alisema kweli kwa maneno machache.

Hatua ya pili: mwonyeshe. Mtoto alale mkekani, afumbue kinywa, mzazi ahesabu meno yake kwa mwanga wa tochi. Kisha mtoto naye ahesabu meno ya mzazi. Mchezo huu wa siku chache humzoeza.

Hatua ya tatu: tendeni. Mkifika hospitali, mwambieni mganga kwamba mtoto ana hofu, na mpatane juu ya alama ya mkono. Msimkemee mtoto wala kumcheka. Kama mama mwenyewe anatetemeka, afadhali baba, bibi au shangazi amsindikize. Zahanati nyingi za vijijini hazina vifaa vya meno, na safari ya hospitali ya wilaya ni gharama. Hata hivyo, mkiwa na safari ya mjini, mpitisheni mtoto atazamwe meno kabla hayajauma. Siku hiyo pengine hataona koleo wala sindano, na atarudi akijua kwamba mganga si adui.

Jino likiisha kung'olewa, mtoto aume pamba kama nusu saa. Asisukutue siku hiyo. Asile mpaka ganzi iishe, maana huweza kujiuma mdomo bila kujua. Kisha msifuni kwa ushujaa wake, hata kama alilia.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Ni maneno gani ya kumtisha mtoto yanayotumika katika kijiji chenu? Mtasema nini badala yake?
2. Kwa nini gego linaloota mtoto akiwa na miaka 6 litunzwe sana?
3. Taja dalili mbili zinazotaka mtoto apelekwe hospitali mara moja.