Ngoma Ina Sheria Zake



Mavuno yakiisha, vijiji vya Usukuma huanza kuvuma kwa ngoma. Nafaka iko ghalani na jembe limepumzika. Kuanzia mwezi wa Juni watu hutoka mbali kwenda kuona mashindano ya Bagika na Bagalu.

Bagika na Bagalu ni makundi mawili makubwa ya wachezaji ngoma. Wazee husimulia kwamba yalianzishwa na mafundi wawili wa ngoma, Ngika na Gumha. Hayo yalikuwa zamani, katika karne ya 19. Tangu hapo makundi haya hushindana. Lakini watu wake ni wa vijiji vile vile. Wanaoana, wanazikana, wanachota maji kisima kimoja. Kwa hiyo mashindano yana sheria, ili ushindani usigeuke uadui. Leo tunataka kuzieleza sheria hizo.

Nani huamua mshindi?

Katika mpira kuna refa. Hapa refa ni watazamaji wenyewe. Vikundi viwili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake. Ngoma ikinoga upande huu, watu hukimbilia huku. Ikinoga kule, watu huhamia kule. Mwisho wa mchezo, penye watu wengi ndipo penye ushindi.

Basi ukisimama uwanjani, wewe ni mwamuzi. Nenda pale ngoma inapokupendeza. Usimvute mwenzako kwa mkono, wala usiwazuie watu njia wasihame. Ukifanya hivyo umeiba ushindi.

Mchezaji afanye nini?

Kwanza, amsikilize manju wake, yaani kiongozi wa nyimbo. Manju akianzisha, wote wanaitikia. Akinyamaza, wote wananyamaza. Mchezaji anayetaka kuonekana yeye peke yake huharibu ngoma ya wenzake.

Pili, asije amelewa. Katika ngoma ya Bugobogobo wachezaji hushika majembe, huyazungusha na kuyarusha juu kwa pamoja. Ngoma hii ilitoka shambani, vijana walipokuwa wakilima pamoja kwa kufuata mapigo. Siku moja tulishuhudia kijana aliyekuwa amelewa akijitosa katikati ya mstari. Jembe lilimpiga begani, damu ikatoka. Ngoma ilisimama na watazamaji wote wakahamia upande wa pili. Kikundi kizima kilishindwa kwa ajili ya pombe ya mtu mmoja.

Tatu, asiguse vyombo vya wenzake. Wapiga ngoma hukaza ngozi kwa kuzipasha moto. Ukimwaga maji kwenye moto wa wapinzani, ngoma zao hazitalia vizuri. Huo si ujanja, ni uchokozi.

Manju na maneno yake

Manju anaruhusiwa kujisifu. Anaruhusiwa pia kumpiga mwenzake vijembe: sauti yake mbaya, nyimbo zake za kuazima. Watu watacheka, na mwenzake atajibu kwa wimbo. Lakini wimbo una mpaka. Usimwimbe mtu kwa ugonjwa wake, kwa kukosa mtoto, au kwa msiba uliompata. Maneno ya namna hiyo hayaishii uwanjani, yanafuata watu mpaka nyumbani.

Na sisi watazamaji?

Tukae nje ya mstari. Watoto washikwe mkono, hasa penye majembe. Wenye ngoma ya nyoka, wale wanaocheza na chatu, wakisema rudini nyuma, turudi. Usimtupie nyoka kitu ili uone atafanyaje.

Ukitaka kumtunza mchezaji, ngoja nafasi, mpe fedha mkononi au iweke chini mbele yake, kisha uondoke. Dada anayecheza hakuja kushikwashikwa. Kumtunza siyo kumnunua.

Siku hizi kila mtu ana simu ya kupiga picha. Ni vizuri kuweka kumbukumbu, lakini omba ruhusa kwa kiongozi wa kikundi. Wala usiingie katikati ya wachezaji ukawazibia wengine.

Ukishindwa je?

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Tangu zamani wachezaji wengi hutumia dawa za kuvuta watu, na jambo hilo linajulikana. Kwa hiyo kikundi kikishindwa, wengine huanza kusema, "Tumerogwa." Ndugu zangu, tujihadhari sana na neno hilo. Leo anatajwa manju, kesho ananyooshewa kidole mama yake mzee. Katika Usukuma vikongwe wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Ngoma haistahili kumtoa mtu roho.

Ukishindwa, jiulize: je, tulifanya mazoezi? Wimbo wetu ulikuwa mpya? Mapigo yalikwenda pamoja? Kisha nenda ukampe mwenzako mkono. Na wewe uliyeshinda, usimzomee aliyeshindwa. Mwaka ujao watu wanaweza kuhamia kwake.

Tunaweza kujionea

Kila mwaka, mwezi wa Juni, sherehe ya Bulabo hufanyika Bujora, Kisesa, karibu na mji wa Mwanza. Bulabo kwa Kisukuma maana yake ni maua. Sherehe hiyo ilianzishwa na Padre David Clement pamoja na sikukuu ya Ekaristi ya Wakatoliki. Bagika na Bagalu hukutana hapo mbele ya maelfu ya watu.

Ngoma nzuri ni ile ambayo jua likizama, walioshindana wanarudi nyumbani kwa njia moja wakicheka.

Mazungumzo kikundini:
1. Kijijini kwenu, nani huamua ngoma iliyoshinda?
2. Ni maneno gani hayafai kuimbwa? Kwa nini?
3. Mtu akisema kikundi chake kimerogwa, mtamjibu nini?