Mto Sabaki: Maji yakipungua ndipo kazi huanza

MKAZI wa ukingo wa Mto Sabaki, Kaunti ya Kilifi, anaweza kulala pasipo tone la mvua kuanguka kijijini mwake, akaamka na kukuta maji mlangoni.

Hilo si muujiza. Mto huo ndio uitwao Athi katika nyanda za juu. Baada ya kupokea maji ya Mto Tsavo huitwa Galana, na ukaribiapo bahari kaskazini mwa Malindi huitwa Sabaki. Kwa hivyo, mvua inyeshayo Nairobi na Ukambani huwafikia wakulima wa Magarini siku kadhaa baadaye. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa masika ya 2018, maelfu ya watu walipoyahama makao yao, na mafuriko yakarejea mwishoni mwa 2023 kutokana na mvua za El Nino.

Msaada wa kwanza huwa wa kuokoa roho. Shirika la Msalaba Mwekundu na maafisa wa serikali huwahamishia waathiriwa mahali palipoinuka. Huko huhitajika mahema, chakula, vyandarua na dawa ya kusafisha maji, kwa sababu vyoo vya shimo vikifurika huchafua visima na kuleta hatari ya kipindupindu.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba maji yakipungua shida imekwisha. Nyumba ya udongo na makuti yaweza kusimamishwa upya kwa majuma machache, lakini mahindi yaliyosombwa hayarudi, na mbegu zikifika baada ya msimu wa kupanda humkuta mkulima amekwisha kuchelewa.

Mbona basi watu wasihame? Udongo uletwao na mto una rutuba, na maji yake hunyweshea mashamba wakati wa kiangazi. Kumwamuru mkulima ahamie nyanda kavu bila kumpa ardhi wala maji ni kumtaka achague kati ya mafuriko na njaa.

Katiba ya 2010 imekabidhi jukumu la kukabiliana na majanga kwa serikali kuu na za kaunti. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura. Lakini hazina hiyo imekusudiwa mahitaji ya ghafla yasiyotarajiwa, ilhali mafuriko ya Sabaki hutarajiwa, na hata hupiga hodi kutoka mbali.

Yapaswa basi kutengewa fedha katika bajeti ya kawaida: upashanaji wa habari kutoka juu ya mto, maghala na vyoo katika miinuko, na akiba ya mbegu kabla ya masika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakazi wa Sabaki wameujenga ukuta huo mara nyingi mno.