Virusi vinavyomzuia inzi kutaga

Wandugu wanachama wa Komanda, inzi anayetoka kwenye samadi ya nguruwe ndiye huyo anayetua kwenye sahani ya mtoto. Wengi mulituuliza kama iko njia ya kuwapunguza bila sumu.

Iko kitu karibu na hiyo. Mwaka 1993 wachunguzi wa Florida, Marekani, waliandika juu ya virusi vinavyovimbisha tezi za mate za inzi wa nyumbani. Jike akivipata, anaishi na anakula, lakini mayai yake hayakomai, naye anamkataa dume. Anavieneza kwa mate: anatemea chakula, mwenzake anakuja kulamba. Anayeshikwa upesi ni inzi aliyetoka kwenye ganda sasa hivi.

Virusi vya ukoo huo viko pia kwa tsetse, yule wa malale. Kundi la tsetse kutoka Ethiopia, lililofugwa Seibersdorf, Austria, lilidhoofika mpaka likaisha juu yavyo. Kule walitaka wazae, ili wapate madume wa kufanywa tasa!

Lakini virusi hivi havijawa dawa ya dukani. Mtu akikuletea chupa, chunga feza yako. Kwenye joto letu, yai linakuwa inzi kwa siku 7 mpaka 10 hivi. Kwa hiyo geuzeni samadi kila siku 5: funza wanakaa pembeni, na katikati ya lundo kuna moto wa kuwaua. Ya pembeni ingizeni ndani, kisha funikeni na plastiki, muweke mawe juu.